Bujumbura: ada ilifutwa, bili ikabaki

Miaka ya mwanzo ya 2000, mama aliyejifungua kwa upasuaji jijini Bujumbura aliweza kupona na bado asiruhusiwe kwenda nyumbani. Asiyelipa alizuiwa wodini na kichanga chake, mlinzi akiwa mlangoni, mpaka ndugu wachange fedha. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya wagonjwa hao Septemba 2006.

Wakati huo Serikali ilikuwa imeshachukua hatua. Mei 1 mwaka huo Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kuwa kujifungua na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Akina mama wakafurika. Wauguzi walikuwa walewale, vitanda vilevile, na dawa zikaisha mapema. Hospitali ziliidai Serikali, fedha zikachelewa. Daktari aandike dawa gani stoo ikiwa tupu?

Jibu la uhakika zaidi lilikuja Aprili 2010, mpango wa kulipa vituo kwa kazi iliyofanyika ulipoenea nchi nzima na kuunganishwa na huduma hizo za bure. Kituo huhesabu waliohudumiwa, wakaguzi huhakiki daftari na kupima ubora, ndipo fedha hutoka. Sehemu yake humfikia muuguzi kama nyongeza ya mshahara.

Lakini baba aliyevunjika mguu hakuwamo katika tangazo la 2006. Yeye bili yake ilimsubiri palepale dirishani.