Nyuki shambani ni afya mezani

Majuzi mama mmoja alinijia akilalamikia kizunguzungu, kichefuchefu na kutokwa na jasho jingi. Nilipomhoji, alisema kwamba asubuhi hiyo alikuwa akiyanyunyizia maboga yake dawa ya wadudu, kwani matunda machanga yalikuwa yakigeuka manjano na kuanguka. Tulimtibu akapona. Lakini, msomaji, yamkini dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikimharibia maboga.

Mmea wa boga huwa na maua ya kiume na ya kike. Ua la kike halizai mpaka lipate chavua, yaani unga wa manjano, kutoka kwa ua la kiume. Chavua hiyo ni nzito na hunata, kwa hivyo upepo hauibebi. Wanaoibeba ni nyuki, tena asubuhi, kwa kuwa ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Anayenyunyiza dawa saa mbili asubuhi huwaua vibarua wake wakiwa kazini.

Je, haya yanamhusu nini daktari? Mahindi huchavushwa na upepo, hivyo ugali tutaupata. Lakini maboga, matikiti, maembe na pasheni huhitaji wadudu. Maboga na maembe hutupa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mwili. Mazao haya yakipungua bei hupanda, na mwenye kipato kidogo ndiye hukosa.

Isitoshe, dawa za jamii ya oganofosfeti hushambulia mishipa ya fahamu ya nyuki na ya binadamu kwa njia ile ile.

Ufanyeje basi? Usinyunyize dawa mimea ikiwa imechanua. Ikibidi kabisa, ngoja jioni, nyuki wakisharudi makwao. Vaa glavu na ujifunike mdomo na pua. Usivune kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha. Kandokando ya bustani panda alizeti au dania, uiache ichanue. Usiwafukuze nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, maana hao ndio wazalishaji wa pasheni.

Na ukiona aliyenyunyiza dawa anatokwa na mate na jasho jingi, anatapika au haoni vizuri, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha umkimbize hospitalini. Beba na chupa ya dawa, ili daktari ajue ni sumu gani anayopambana nayo.