Lisekese hadi Nangwanda: Hesabu ya kuwahi kipyenga

MPIRA unaanza saa 10:00 jioni. Kosta imetoka Lisekese, Masasi, saa 6:00 mchana, imejaa jezi na vuvuzela. Mbele kuna takriban kilomita 200 hadi Uwanja wa Nangwanda Sijaona, Mtwara mjini. Dereva atembee mwendo gani?

Mashabiki wa huku walilizoea swali hilo Ndanda FC ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Jina la timu ni la Ndanda, jirani kabisa na Masasi, lakini mechi za nyumbani zilikuwa Mtwara. Simba au Yanga ilipokuja, ilikuwa lazima usafiri.

Kanuni ni ile ile ya darasani: umbali ni mwendokasi mara muda. Mwendokasi usioujua uite x. Muda uliopo ni saa 4, kwa hiyo 4x = 200, na x = 50. Kilomita 50 kwa saa, mteremko kabisa!

Sasa tuseme njiani kuna kupakia watu, kuna chai, kuna picha. Kilomita 100 za kwanza gari linatembea wastani wa 40 kwa saa. Wengi watasema: "Si tabu, zilizobaki twende 60, wastani unarudi 50." Hapo ndipo wanapopigwa chenga. Kilomita 100 kwa mwendo wa 40 zimekula saa 2 na nusu. Imebaki saa 1 na nusu, yaani 1.5x = 100, na x inakaribia 67. Ukienda 60 unafika saa 10:10, goli la mapema limeshakupita. Sababu ni moja: unapokwenda polepole unakaa barabarani muda mrefu zaidi, hivyo mwendo mdogo unauvuta wastani chini.

Na kama nusu ya kwanza mlikwenda 30? Saa 3 na dakika 20 zimekwisha, zimebaki dakika 40, ambazo ni theluthi mbili za saa. Gawa 100 kwa theluthi mbili, unapata 150. Kikomo cha basi ni kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo mjadala umeishia hapo. Dereva akishika 80, mnaingia uwanjani saa 10:35. Mnapata dakika kumi za mwisho za kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili chote, mkiwa wazima.

Kabla ya kumpigia dereva kelele za "kanyaga mafuta", shabiki atafute x kwanza. Dawa yenyewe ni kubadilisha saa ya kuondoka. Mkitoka Lisekese saa 5:00 asubuhi, hesabu inakuwa 5x = 200, na x = 40. Mwendo ule ule uliowachelewesha, sasa unawafikisha kipyenga kikilia.