Yufonia Katika Baridi ya Wasso

Wasso imo katika tarafa ya Loliondo, wilayani Ngorongoro, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi za Juni na Julai huko ni za baridi. Kwaya ya tarumbeta ikijaribu kupatana na kinanda cha umeme saa moja asubuhi, yaelekea tarumbeta zitasikika chini kidogo ya kinanda, na wasikilizaji watasema kwamba wapigaji hawajui kazi yao. Wengine, waliosoma jiografia kidogo, wataulaumu mwinuko: hewa ya huko ni nyepesi mno. Hukumu zote mbili hazina msingi, na fizikia ya sekondari yatosha kuonyesha kwa nini.

Katika ala hizi kinachotetema kwanza ni midomo ya mpigaji. Pumzi hupita kati ya midomo iliyobanwa, midomo hufunguka na kufungika mamia ya mara kwa sekunde, na hewa iliyomo ndani ya bomba huitikia kwa mitetemo ile tu inayolingana na urefu wa bomba hilo. Wamasai wanaopuliza pembe la tandala kuwaita vijana wa rika hutumia kanuni hiyo hiyo. Kadhalika siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe ya ndovu ya Pate. Tarumbeta za bendi zilikuja baadaye. Katika miaka ya 1890 ngoma ya beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya ya leo kwa kuiga bendi za kijeshi, nayo ikaenea hadi Tanganyika, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa mavazi na muziki. Makanisa ya Kilutheri ya kaskazini yalipokea desturi nyingine, ile ya Ujerumani ya kwaya za tarumbeta, ambayo ingali hai Kilimanjaro na Arusha.

Katika bendi kama hizo msikilizaji mgeni husikia kwanza tarumbeta ndogo, kwa kuwa ndizo zenye kubeba wimbo kwa sauti kali. Anayetaka kufurahia bendi kikamilifu na aitafute yufonia: ala ya shaba inayokumbatiwa kifuani, mdomo wake mpana ukielekea juu, mfano wa tuba iliyopunguzwa. Kwa kawaida uvumbuzi wake huhusishwa na Ferdinand Sommer wa Weimar, Ujerumani, mwaka 1843. Jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sauti nzuri, na kwa mara moja jina la kujisifu limestahili.

Uzuri huo una sababu. Bomba la yufonia likinyoshwa lina urefu wa mita 2.7 hivi, sawa na la tromboni, na kwa hiyo ala hizo mbili hutoa noti zile zile. Hata hivyo hakuna mtu atakayezichanganya kwa sikio. Sehemu kubwa ya bomba la tromboni ina upana usiobadilika. La yufonia hupanuka polepole kama pembe la tandala. Mwaka 1996 watafiti wa Uholanzi na Ufaransa walionyesha kwamba tromboni ikipulizwa kwa nguvu, wimbi la sauti hubanwa njiani hata sehemu yake ya mbele ikawa wima kama ukuta: ndiyo asili ya ule ukali unaochoma masikio. Ndani ya yufonia wimbi hutawanyika kadiri bomba linavyopanuka, na sauti hubaki ya mviringo hata ikiwa kubwa.

Sasa turudi Wasso. Kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ni asilimia 80 hivi ya ile ya pwani. Lakini mwendo wa sauti hutegemea uwiano wa kanieneo na densiti, na katika halijoto ile ile viwili hivyo hupungua pamoja kwa kiasi kile kile. Mwinuko wenyewe, basi, haubadilishi noti. Halijoto ndiyo hubadilisha. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi sauti huenda mita 349 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 10, mita 337. Tofauti hiyo ya asilimia 3.5 yatosha kushusha noti zaidi ya nusu ya hatua iliyopo kati ya funguo mbili jirani za kinanda. Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, shaba nayo haisinyai kwa baridi, bomba likawa fupi na noti ikapanda? Husinyaa, lakini kwa bomba zima la yufonia ni milimita moja tu.

Kwa bahati pumzi ya mpigaji ni ya joto, hivyo noti hazishuki kiasi hicho chote. Tatizo ni kwamba tarumbeta ndogo hupata joto upesi, ilhali yufonia na tuba huchelewa. Bendi hukosana yenyewe kwa yenyewe kabla ya kukosana na kinanda. Dawa yake ni kupuliza hewa ndani ya ala kwa dakika kadhaa bila kutoa sauti, kisha kusukuma ndani kidogo kile kipande cha bomba cha kurekebishia noti.

Asiye na bendi karibu ana redio na rekodi. Spika ndogo haiwezi kutoa vizuri noti ya yufonia yenye mitetemo 116 kwa sekunde, lakini hutoa sauti za juu zinazoandamana nayo: 233, 350, 466. Ubongo hutambua kwamba zimepishana kwa 116 au 117, na kumsikilizisha mtu noti ya chini ambayo spika haikuitoa. Jaribio hili laweza kufanywa darasani: rekodi moja ichezwe kwanza kwa simu, kisha kwa spika kubwa, na wanafunzi waimbe noti ya chini wanayoisikia kila mara.