Ukishuka Schiphol: Mwongozo kwa Mama Msafiri

Zamani safari ya kwenda Ulaya ilikuwa ya wanafunzi, wakubwa wa serikali na wamisionari. Siku hizi mambo yamebadilika. Binti ameolewa Ujerumani, kijana anasoma Kanada, mkwe anafanya kazi Norwei. Na siku mjukuu anapozaliwa huko, anayeitwa ni bibi. Kwa hiyo mama ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, hujikuta ameshika tiketi ya ndege mbili, na katikati ya ndege hizo kuna uwanja mkubwa asioujua.

Ukiwauliza akina mama wengi watakuambia kuwa si kuruka angani kunakowatia hofu. Ndani ya ndege unakaa tu, unaletewa chakula, unalala. Hofu ni ule uwanja wa katikati. Je, nitajuaje mlango wangu? Mizigo yangu itakuwa wapi? Nikichelewa, nani atanisaidia?

Katika makala hii tutautazama uwanja mmoja, Schiphol wa Amsterdam, Uholanzi. Abiria wengi wa Afrika Mashariki hupitia hapo. Ndege ya kutoka Nairobi huchukua saa nane na zaidi, na mara nyingi husafiri usiku na kufika asubuhi. Mengi utakayojifunza hapa yatakufaa hata ukipitia uwanja mwingine mkubwa.

Uwanja uliokuwa ziwa

Mahali ulipo uwanja huu palikuwa chini ya maji. Waholanzi walilikausha ziwa la Haarlemmermeer, kazi iliyokamilika mwaka 1852, na mwaka 1916 ndege za kijeshi zikaanza kutua kwenye ardhi hiyo. Hata leo uwanja uko chini ya usawa wa bahari kwa mita tatu hivi. Mwaka 2024 walipita abiria wapatao milioni 66.8. Kwa hiyo usishangae ukiona watu wengi kama sokoni siku ya mnada.

Habari njema ni hii: Schiphol ni jengo moja tu. Viwanja vingine vina majengo yaliyo mbalimbali, na abiria hulazimika kupanda basi au treni kutoka jengo moja hadi jingine. Schiphol huhitaji kutoka nje. Kutoka katika jengo hilo zimechomoza njia ndefu kama vidole vya mkono, na kila njia ina herufi yake: B, C, D, E, F, G, H na M. Kando ya kila njia kuna milango ya kuingilia ndege yenye namba. Ukiandikiwa F6, maana yake fuata herufi F, kisha tafuta namba 6. Hakuna uchawi.

Saa ya tiketi si saa yetu

Kabla hatujaenda mbali, tuzungumze juu ya jambo ambalo limewaangusha wengi. Sisi husema saa mbili usiku; tiketi husema 20:00. Sisi husema saa nane mchana. Tiketi husema 14:00. Kaa na mtoto wako wa shule akuandikie saa zote kwa Kiswahili pembeni ya karatasi ya safari.

Jihadhari zaidi na saa za baada ya usiku wa manane. Tiketi ikisema ndege inaondoka tarehe 14 saa 00:25, hiyo ni saa sita na dakika ishirini na tano za usiku, na tarehe kwa wenzetu imekwisha kubadilika. Wewe unatakiwa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 13. Ukienda jioni ya tarehe 14, utakuta ndege iliondoka jana.

Ukifika Amsterdam rudisha saa yako nyuma. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba wako nyuma yetu kwa saa moja; miezi mingine ni saa mbili.

Tiketi moja au tiketi mbili?

Watu hupenda rahisi, na wakati mwingine kijana wako atakununulia tiketi mbili tofauti kwa sababu zikijumlishwa bei yake ni nafuu. Mwulize vizuri kabla hajalipa. Kama safari yote iko katika tiketi moja, kwa kawaida mizigo yako mikubwa hupelekwa hadi mwisho wa safari na huna haja ya kuigusa Amsterdam. Kama tiketi ni mbili tofauti, mara nyingi itakubidi utoke, uchukue mizigo, uipeleke tena kwenye kaunta na uanze upya. Na ili utoke ni lazima upite uhamiaji, nao watataka viza. Mama asiye na viza ya kuingia Uholanzi anaweza kukwama hapo, mizigo inazunguka kwenye mkanda wala hawezi kuifikia. Unafuu wa bei umegeuka hasara.

Hata kama hutoki nje ya uwanja, uliza juu ya viza ya kupita. Wenye pasipoti za nchi kadhaa, zikiwamo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Somalia na Ethiopia, hutakiwa kuwa na viza maalumu hata kwa kubadilisha ndege tu, isipokuwa wale wenye vibali fulani vya ukaazi au viza za nchi nyingine. Jibu la uhakika liko ubalozini. Usimtegemee jirani aliyesafiri miaka mitano iliyopita.

Ukishuka ndegeni

Usikimbie, wala usifuate kundi. Wengine wamefika kwao, wengine wanaenda Marekani, wengine Denmark. Soma mabango. Mabango ya manjano ndiyo yanayoongoza abiria kwenye ndege na milango. Maandishi ni ya Kiingereza. Anayebadilisha ndege hufuata neno TRANSFERS. Anayeishia Amsterdam hufuata neno BAGGAGE, yaani mizigo, pamoja na picha ya sanduku.

Kisha tafuta ubao wa televisheni wenye orodha ya ndege zinazoondoka. Usitazame jina la mji peke yake, kwa maana ndege za kwenda London ni nyingi kwa siku. Tazama namba ya ndege, ile yenye herufi mbili na tarakimu, uilinganishe na iliyo kwenye kadi yako ya kupandia. Hapo utaona mlango. Mlango unaweza kubadilishwa, kwa hiyo tazama tena kila baada ya muda mfupi.

Njiani utaona mabango yanayoeleza kwa dakika umbali wa kutembea hadi mlangoni. Yaamini, kisha ongeza zako ukiwa na mtoto au magoti yanayouma. Kuna mikanda ya kutembelea inayokusogeza yenyewe. Simama upande wa kulia, shika mkono wa mtoto, na uangalie unapofika mwisho, maana hapo ndipo wengi hujikwaa.

Kumbuka kuwa mlango hufungwa kabla ya saa ya ndege kuondoka. Saa iliyoandikwa ni ya ndege kuondoka, si ya wewe kufika. Schiphol kuna desturi ya kuwataja kwa majina kwenye kipaza sauti abiria wanaochelewesha ndege, na kuwaonya kuwa mizigo yao itashushwa. Usingoje kutajwa.

Mpaka ndani ya uwanja

Nchi 29 za Ulaya zimekubaliana kuwa na mpaka mmoja, na mkataba wao huitwa Schengen. Ukienda Ujerumani, Ufaransa, Italia, Sweden au Norwei kwa kupitia Amsterdam, maofisa wa uhamiaji watakuhoji hapo hapo Schiphol, wala si kule mwisho. Kwa hiyo weka saa nzima au zaidi kwa ajili ya foleni. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza mtambo wa kuandikisha wageni wa muda mfupi kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri. Usiogope ukiambiwa uweke vidole kwenye kioo.

Anayeelekea Uingereza, Kanada au Marekani hapiti uhamiaji wa Uholanzi. Anabaki upande wa ndani. Lakini anaweza kupekuliwa tena kwenye ukaguzi wa usalama, na anayekwenda Marekani huulizwa maswali zaidi. Jibu kwa ufupi na kwa ukweli: unakwenda kwa nani, kwa muda gani, nani alifunga begi lako. Uwe na anwani na simu ya mwenyeji wako kwenye karatasi, kwani simu ya mkononi huweza kuzimika.

Mama anayesafiri na mtoto

Jambo hili akina mama wengi hawalijui. Polisi wa mpaka wa Uholanzi, wanaoitwa Marechaussee, huangalia sana watoto wanaosafiri na mzazi mmoja. Si kwamba wanakudharau. Wanawalinda watoto wasiibwe na kupelekwa nchi nyingine bila mzazi wa pili kujua. Kama jina lako la ukoo halifanani na la mtoto, maswali yatakuwa mengi zaidi.

Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya baba yenye sahihi yake na inayotaja tarehe na mahali mnapokwenda, nakala ya pasipoti au kitambulisho chake, na namba yake ya simu. Kama baba amefariki, beba nakala ya cheti cha kifo. Kama mahakama ilikupa malezi ya mtoto, beba hukumu. Bibi anayesafiri na mjukuu anahitaji barua ya wazazi wote wawili. Karatasi hizi hazina uzito, lakini kukosekana kwake kunaweza kuwakosesha ndege.

Kuhusu vyakula vya mtoto, vimiminika vya kawaida kwenye begi la mkononi viwe katika chupa zisizozidi mililita 100. Maziwa na chakula cha mtoto mchanga kwa ajili ya safari huruhusiwa zaidi ya hapo, ila mwonyeshe mkaguzi. Dawa za sukari na shinikizo la damu zikae kwenye begi la mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Upande wa abiria kuna chumba cha kutunzia watoto wachanga, ambapo unaweza kumbadilisha nepi na kumlaza.

Zawadi na vifurushi

Bibi hawezi kwenda mikono mitupu. Lakini Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri atokaye nje kuingiza nyama wala maziwa: si kuku wa kukaanga, si mtindi, si nyama iliyokaushwa. Matunda na mboga pia huhitaji hati ya afya ya mimea, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na durian. Kwa hiyo maembe ya Muheza yaache nyumbani. Majani ya chai, kahawa iliyokaangwa, kanga na vitenge havina taabu.

Fedha taslimu zikifika euro 10,000 ni lazima uzitangaze kwenye forodha.

Na sasa neno zito. Usikubali kubeba kifurushi cha mtu mwingine ambacho hukukifunga mwenyewe, hata akiwa mshirika wa kanisani, hata akisema ni dawa ya mgonjwa. Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwaka 2013, na dawa za kulevya hufichwa ndani ya viatu, vinyago na mikebe ya unga. Ofisa atamshika aliyebeba, si aliyetuma. Mwambie aliyekuomba, “Samahani, mizigo yangu imejaa.” Urafiki wa kweli hautavunjika kwa neno hilo.

Usisite kuomba msaada

Mama mzee, au yeyote asiyeweza kutembea mbali, ana haki ya kusaidiwa bure katika viwanja vya Umoja wa Ulaya. Sheria hiyo ni ya mwaka 2006. Mwenye tiketi aliambie shirika la ndege saa 48 kabla ya safari, na atakuta mtu na kiti cha magurudumu anamngoja. Watoto wenye wazazi wazee, fanyeni hivyo siku ya kununua tiketi. Mtawaondolea wasiwasi mkubwa.

Ndege ikichelewa sana au ikifutwa, usikae kimya kwenye kona. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inawahusu wote wanaoondoka katika uwanja wa Umoja wa Ulaya. Utapewa chakula na, ikilazimika kulala, hoteli. Kosa likiwa la shirika, unaweza kudai fidia ambayo kwa safari ndefu hufika euro 600. Tunza tiketi na risiti zote.

Kama una saa nyingi za kungoja, maji ya bomba ni salama kunywa. Jaza chupa yako baada ya ukaguzi badala ya kununua kwa bei kubwa. Kipo pia chumba cha ukimya na sala kwa watu wa dini zote, na uwanja una wachungaji wake. Wengi waliopokea habari ya msiba wakiwa safarini wamefarijiwa hapo.

Kabla hujatoka nyumbani

1. Andika kwa Kiswahili saa za ndege zote mbili, na tarehe ya kwenda uwanjani.
2. Hakikisha kama mizigo inakwenda moja kwa moja hadi mwisho. Uliza tena kwenye kaunta.
3. Pasipoti, viza, barua na vyeti vikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.
4. Weka nguo moja ya kubadilisha na sweta kwenye begi la mkononi. Sanduku likichelewa hutaaibika.
5. Mpe mtu wa nyumbani nakala ya karatasi zako zote.

Mama, wewe uliyelea watoto, ukaendesha shamba na kupanga harusi za ukoo, hutashindwa na herufi na namba. Uliza usipojua, soma bango, na utembee taratibu. Mjukuu anakungoja.