Mmonaki wa Dini ya Buda Karibu na Sisi

Katekista mmoja wa hapa Goma alituletea swali. Vijana wake wa kipaimara waliona katika simu picha ya Mwafrika mwenye kichwa kilichonyolewa, amevaa nguo ya kahawia, ameketi chini kimya, macho amefumba. Wakamuuliza: «Mwalimu, huyu ni mchawi, ao anasali?» Katekista akanyamaza, kwani hakujua la kujibu. Tumeona vema kueleza jambo hili kwa wasomaji wetu wote, sababu mtu huyo hatoki mbali. Ni mtu wa Uganda, inchi jirani yetu. Tena alilelewa katika dini ya Katolika.

Mtu huyo ni nani?

Alizaliwa mwaka 1966, na jina lake lilikuwa Steven Kaboggoza. Mwaka 1990 alikwenda India kwa masomo ya chuo kikuu. Huko alikutana na vijana wawili wa Thailand, wanafunzi kama yeye, lakini walikuwa wamonaki wa dini ya Buda. Alipendezwa na utulivu wao. Akaanza kuwauliza, kiisha akaanza kuketi kimya pamoja nao.

Hakuwa mmonaki mara moja. Alitafuta miaka mingi, katika India, Thailand na Marekani. Mwaka 2002, katika jimbo la California, mwalimu mzee wa inchi ya Burma, U Silananda, alimpa daraja ya umonaki. Tangu hapo anaitwa Bhante Buddharakkhita. «Bhante» ni neno la heshima, kama sisi tunavyosema «Padri»; na jina lake maana yake ni «aliyelindwa na Buda». Akaishi miaka minane katika monasteri ya msituni, jimbo la West Virginia, chini ya uongozi wa Bhante Gunaratana wa Sri Lanka. Mwaka 2005 alianzisha nyumba ya dini ya Buda kwao Uganda, upande wa Entebbe. Mama yake mzazi naye alivaa nguo ya watawa wa Buda.

Tufikiri kidogo. Ni Entebbe hapo Padri Lourdel na Bruda Amans walipokanyaga inchi ya Uganda, tarehe 17 Februari 1879. Miaka 126 ilipita, na karibu na mahali pale mtoto wa Wakatolika akaleta dini ya Buda.

Maisha ya mmonaki wa msitu

Buda aliishi India ya kaskazini, karne nyingi mbele ya kuzaliwa kwa Yezu Kristu. Wafuasi wake wa kwanza walilala chini ya miti. Nyuma, wengi walihamia katika miji. Lakini kila mara walikuwako waliorudia msitu, sawasawa Abba Antonio wa Misri alivyokwenda jangwani. Katika siku zetu mwalimu mwenye sifa kubwa alikuwa Ajahn Chah wa Thailand (1918-1992), aliyeanzisha monasteri yake msituni mwaka 1954.

Mmonaki wa namna hii anashika kanuni 227. Hana mke. Hagusi feza. Ana nguo zake na bakuli la kupokea chakula anachopewa na watu, na saa sita ya mchana ikipita hali tena mpaka kesho yake. Kazi yake kubwa ni meditasyo. Anaketi mgongo wima, anaangalia pumzi namna inavyoingia na kutoka. Fikira ikikimbia, hakasiriki. Anairudisha polepole, kama mchungaji anavyorudisha mbuzi kundini. Kiisha anatakia mema nafsi yake, rafiki zake, mwisho hata adui zake. Shabaha ni kukomesha tamaa, kwani Buda alifundisha ya kwamba tamaa ndiyo mzizi wa mateso.

Sisi tuseme nini?

Kwanza, tusitukane. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tangazo Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitaja dini ya Buda kwa jina, na kufundisha ya kwamba Eklezya haikatai kitu chochote cha kweli na kitakatifu kilicho katika dini nyingine. Kufunga, umaskini, usafi wa moyo, kumtakia adui mema: nani kati yetu atasema mambo hayo ni mabaya?

Pili, tusichanganye. Mmonaki wa Buda hamwombi Mungu Mwumba. Anachungua moyo wake mwenyewe. Mkristu akinyamaza, ananyamaza ili asikie Mwingine. Sala ni kukutana na Baba, kwa njia ya Mwana, katika Roho Mtakatifu. Sisi hatujiokoi kwa nguvu za kuketi. Tunaokolewa na msalaba. Ndiyo sababu barua ya Roma ya tarehe 15 Oktoba 1989 juu ya sala ilieleza ya kwamba njia za dini nyingine zisikataliwe bure, lakini zisifunike kamwe maana ya sala ya Kikristu.

Tatu, na hapa tunajisemea wenyewe: tujiulize. Kijana aliyebatizwa alihitaji kimya. Je, angekuja kwetu, tungempa? Tunakumbuka nusu saa ya meditasyo ya asubuhi katika seminari. Wengi wetu tulisinzia, wengine tulirudilia somo la mtihani. Hakuna aliyetufundisha vema, nasi hatukuuliza. Leo tu mapadri, na parokia zetu zina vipaza sauti, ngoma na matangazo. Lakini mtu aliyepoteza nyumba yake kwa moto wa Nyiragongo, ao ndugu zake katika vita, akitaka mahali pa kutuliza moyo, tunampeleka wapi?

Na hazina hiyo tunayo. Mwaka uleule wa 1954, wamonaki wa Trapa kutoka Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri ya Mokoto, katika Masisi. Mwaka 1996 vita viliwakimbiza, nao wakakaa Keshero, hapa karibu na Goma, wakiendelea na sala zao za usiku na mchana. Ni wangapi kati ya vijana wetu wanaojua habari hiyo?

Basi, Mwalimu, uwajibu vijana hivi: mtu huyo si mchawi, ni mtu wa kuheshimiwa, anayetafuta amani kwa bidii. Lakini sisi tumejulishwa jina la Yule anayetoa amani. Kiisha usiishie katika maneno. Uwapeleke mbele ya tabernakulo, uzime simu zote, mkae kimya robo saa. Fikira zao zikikimbia, uwaambie wazirudishe polepole kwa jina la Yezu. Na wewe ukae pamoja nao. Nasi mapadri tutangulie.