Atupele Anataka Kuwa Nesi

Ukitoka Dar es Salaam kwa basi kuja Nyanda za Juu Kusini, utaupanda mlima Kitonga masikio yakiziba, upite Ilula kwenye nyanya na vitunguu, uuache mji wa Iringa ukiwa juu ya kilima chake mkono wa kulia, kisha Mafinga kwenye mbao, Makambako, Igawa, Uyole, Mbeya, mpaka Tunduma ambako malori hupanga foleni kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Barabara hiyo, wanangu, ndiyo inayotulisha. Viazi vyetu hushuka nayo, mchele wa Mbarali hupita humo, vibarua wa chai na wa mbao huja na kuondoka nayo. Lakini penye njia ya watu wengi, ugonjwa nao hupata usafiri, tena bila nauli.

Hiyo ni sababu mojawapo ya mikoa yetu kuwa na hesabu isiyopendeza. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta kwamba kati ya watu wazima wa Iringa, asilimia 11.3 walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI, na Mbeya asilimia 9.3, wakati nchi nzima ilikuwa takriban asilimia 5. Utafiti wa 2022 na 2023 ulikuta nchi imeshuka hadi asilimia 4.4, lakini Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, ulikuwa asilimia 12.7 na ndio uliongoza Tanzania yote. Na VVU akiingia mwilini humfungulia mlango rafiki yake wa siku nyingi, kifua kikuu.

Sasa niambieni, nani anawahudumia watu wote hao? Najua mtajibu kwa sauti moja: daktari! Hapana. Nendeni zahanati yoyote ya kijijini, muangalie nani amefungua mlango saa moja na nusu asubuhi, nani ameandika jina lako, amekupima uzito, amekutoa damu, amekupa dawa na kukuambia lini urudi. Ni nesi. Wazee wengi humwita daktari na yeye amechoka kuwasahihisha.

Nitawatungia msichana mmoja, nimwite Atupele. Yeye ni wa hadithi, msimtafute Tukuyu mkamkosa mkanidai. Ila masomo, mitihani, sheria na dawa nitakazozitaja ni za kweli.

Atupele yuko kidato cha pili, Tukuyu wilayani Rungwe. Mama yake anauza ndizi. Siku moja jioni anatangaza nyumbani kwamba anataka kuwa nesi, na mjomba wake, dereva wa lori, anacheka mpaka anaweka kikombe chini.

“Unesi? Sasa hiyo Fizikia unakesha nayo ya nini? Kuchoma sindano kunahitaji Fizikia?”

“Mjomba, mtungi wa oksijeni una kipimo cha mgandamizo. Mashine ya presha ni mgandamizo. Hata dripu, matone yahesabiwe kwa dakika. Nikikosea, mtu anakufa.”

Mjomba akanywa chai yake kimya. Alikuwa na presha mwenyewe.

Msichana alikuwa sahihi, na tena alikuwa ameshauliza. Ili uingie chuo cha uuguzi na ukunga kwa stashahada, unatakiwa uwe umemaliza kidato cha nne ukiwa na ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vikiwepo ni nyongeza nzuri. Ufaulu huo ni wa chini kabisa. Waombaji ni wengi, na wenye alama za juu ndio hutangulia. Stashahada huchukua miaka 3. Aliyepitia kidato cha sita kwa Fizikia, Kemia na Biolojia anaweza kwenda chuo kikuu, kwa mfano Muhimbili au Dodoma, akasoma shahada miaka 4, kisha akatumikia mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Serikalini, mwenye stashahada huitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, na mwenye shahada huitwa Afisa Muuguzi. Huko wodini wauguzi wa kike wote huitwa “sista”.

Vyuo havikosekani huku kwetu. Kuna Igogwe huko huko Rungwe, kuna Ilula, kuna Tosamaganga nje kidogo ya mji wa Iringa. Atupele alipangiwa Tosamaganga. Jambo la kwanza alilojifunza Iringa halikuwa kwenye daftari. Alimwamkia bibi mmoja wodini kwa “Ugonile”, kama wanavyoamkiana Wanyakyusa, bibi akamtazama tu. Mwenzake akamnong’oneza: hapa kwa Wahehe sema “Kamwene”. Akasema. Bibi akatabasamu na kukubali kunywa dawa.

Chuoni, kabla ya yote, ni mikono. Kuosha kabla ya kumgusa mgonjwa, kuosha baada ya kumgusa, na glavu hazikuondolei wajibu huo. Halafu sindano: ukishaitumia usiirudishie kifuniko chake, itupe moja kwa moja kwenye boksi lake gumu. Ikikuchoma kwa bahati mbaya, usifiche kwa aibu. Osha kwa maji na sabuni, toa taarifa, na uanze dawa za kinga haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72. Hizo utazimeza siku 28. Anayekwenda kufanya kazi na damu za watu anatakiwa pia awe amechanjwa homa ya ini aina ya B, ambayo chanjo yake ni dozi 3. Na kwenye chumba cha wagonjwa wa kifua kikuu, madirisha wazi hata kama ni Juni na baridi ya Iringa inauma mifupa, barakoa ile nzito inayobana puani, na nesi ajue upepo unatoka wapi kwenda wapi ili asikae mahali unapoelekea.

Msidhani ni masharti ya kuwasumbua wanafunzi. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Katika hospitali ya Lacor wauguzi waliambukizwa wakiwahudumia wagonjwa, wakafa mmoja baada ya mwingine, na daktari wao mkuu, Matthew Lukwiya, akafa Desemba mwaka huo huo. Kwetu, Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulizuka Kagera, na miongoni mwa waliokufa alikuwemo mhudumu wa afya. Kazi hii ina hatari. Sipendi watu wanaowaambia watoto kwamba ni wito mtakatifu halafu wanasahau kuwaambia kuhusu glavu.

Miaka mitatu ikaisha. Atupele akafaulu chuoni, mama akachinja kuku. Mjomba akauliza, “Sasa lini unaanza kazi?” Bado! Cheti cha chuo peke yake hakimruhusu mtu kumgusa mgonjwa. Kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo linalosajili na kutoa leseni, na Baraza lina mtihani wake. Ukishapata leseni, lazima uihuishe, na ili uihuishe uonyeshe kwamba unaendelea kujifunza, maana dawa hubadilika. Nesi aliyejua dawa za VVU za mwaka 2005 akalala hapo, leo angewapa watu vidonge vilivyokwisha kuachwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye magonjwa ya kuambukiza yenyewe, na kwenye swali la nani aruhusiwe kuyatibu. Marekani kuna cheo maalumu cha muuguzi aliyesoma zaidi, anayepima, anayetambua ugonjwa na kuandika dawa mwenyewe. Kilianzia Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965, kwa muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver. Hapa kwetu kazi ilitangulia cheo. Dawa za VVU zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, madaktari hawakutosha. Ikabidi wauguzi wapewe mafunzo ya ziada, darasani kisha kwenye kliniki wakiwa na msimamizi pembeni, hadi waweze kufanya mambo ambayo zamani yalikuwa ya daktari. Leo katika kliniki ya wajawazito, mama akikutwa na virusi, nesi aliyepata mafunzo humwanzishia dawa papo hapo. Mtoto akizaliwa, nesi humpa dawa ya kinga, na baada ya wiki kadhaa humtoboa kisigino na kukausha matone ya damu kwenye karatasi yapelekwe maabara. Bila huduma hiyo, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 wa mama kama hao wangeambukizwa. Kwa huduma kamili, hawafiki 1 kati ya 20.

Tena Tanzania imewahi kuifundisha dunia jambo kuhusu kazi hii, na inaniudhi kwamba shuleni hamsimuliwi. Mwaka 1977 serikali ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Aliyeshirikiana nayo ni daktari mmoja wa Chekoslovakia, Karel Styblo, aliyeugua kifua kikuu mwenyewe akiwa mfungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Dawa wakati huo zilikuwepo. Tatizo lilikuwa kwamba mgonjwa akipata nafuu kidogo, anaacha kumeza, na ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi. Wakaweka utaratibu: makohozi yapimwe kwa hadubini, mgonjwa ameze dawa mbele ya mtu, na kila jina liandikwe kwenye rejista mpaka ijulikane amepona, amekufa au ametoroka. Wanaojaza rejista hizo kwenye zahanati ni wauguzi na wasaidizi wao. Katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani liliuchukua utaratibu huo na kuusambaza ulimwenguni kwa jina la DOTS.

Turudi kwa Atupele. Amepata leseni, ameajiriwa, amepewa mafunzo, amepangwa CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU. Asubuhi benchi limejaa. Kila anayeingia anaulizwa maswali manne: unakohoa? una homa? unatoka jasho usiku? umepungua uzito? Ukijibu ndiyo kwa lolote, makohozi yanakwenda kwenye mashine ya GeneXpert, inayotambua kifua kikuu, na majibu yanaweza kutoka ndani ya saa mbili. Wanaoendelea vizuri wanapewa dawa za miezi 6 waende zao mashambani. Mara moja kwa mwaka damu inapimwa kuona wingi wa virusi. Virusi vikishuka mpaka havionekani kwenye kipimo, mtu huyo hamwambukizi mwenza wake.

Siku moja anaingia mzee wa makamo kutoka Kilolo. Tarehe yake ilipita wiki tatu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Atupele hakumuuliza kwa nini amechelewa. Aliuliza mahindi yameota vipi mwaka huu. Wakazungumza mahindi, wakazungumza mbolea. Mwisho mzee akasema kwa sauti ya chini: yule msichana wa mapokezi ni mtoto wa shemeji yangu.

Basi. Vidonge vilikuwepo, nauli ilikuwepo, kilichomshinda ni macho ya ndugu. Nesi mwenye pupa angemgombeza mbele ya watu kwa utoro, na mzee asingerudi tena. Atupele alimwandikia uhamisho kwenda kliniki ya mji mwingine, akampa dawa za kumfikisha huko, na baada ya wiki mbili akapiga simu kuhakikisha amepokelewa. Yule msichana wa mapokezi hakuambiwa neno.

Kwa maoni yangu, sifa hiyo ni ngumu kuliko Kemia, na hakuna cheti kinachoithibitisha. Sheria lakini inaijua. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka mhudumu wa afya atunze siri ya majibu ya mtu. Na nyinyi mlio na miaka 15 mjue: marekebisho ya mwaka 2019 yanawaruhusu kupima VVU bila kusubiri idhini ya mzazi, na siri yenu inalindwa vile vile.

Kuna njia nyingine ambayo Atupele angeweza kuifuata. Mjini Mbeya kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambako wauguzi hushiriki kujaribu dawa na chanjo mpya. Mbeya ilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio la chanjo ya VVU lililoitwa PrEPVacc, pamoja na Dar es Salaam, Masaka na Durban, lenye watu wa kujitolea zaidi ya 1,500. Novemba 2023 uchanjaji ulisitishwa, kwa sababu hapakuwa na matumaini kwamba chanjo zile zingezuia maambukizi. Nesi wa utafiti ndiye anayemweleza mtu wa kujitolea, kwa lugha anayoielewa, kwamba ana haki ya kukataa, na ndiye pia anayemweleza jaribio likishindwa. Chanjo ya VVU hatunayo mpaka leo.

Kwa hiyo wewe uliye kidato cha pili, wakati wa kuchagua masomo ya kidato cha tatu ukifika, baki na Fizikia, Kemia na Biolojia, na atakayekucheka mwonyeshe mashine ya presha. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, fuatilia matangazo ya udahili wa vyuo vya afya yanayotolewa na NACTVET, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo hivyo, na uhakikishe chuo unachokitaka kimesajiliwa. Chuo kisichosajiliwa, hata kiwe na jengo zuri na sare nyeupe, mzazi wako asikilipe hata shilingi: utasoma miaka mitatu, na Baraza la Uuguzi na Ukunga halitakupa leseni.