Nani Ameishika Shaba? Ligandi na Uthabiti wa Changamano (Sehemu ya Pili)

Ukidondosha amonia kidogo kidogo katika maji yenye mrututu, kwanza hutokea mashapo ya samawati iliyopauka. Ukiendelea, mashapo huyeyuka na maji yote hugeuka buluu iliyokolea. Wiki iliyopita tulieleza kwamba buluu hiyo ni ya ayoni ya shaba iliyozungukwa na molekuli nne za amonia. Sasa ongeza ethilinidiamini, molekuli fupi yenye naitrojeni kila ncha: rangi itaelekea zambarau, kwa kuwa amonia nayo imeng'olewa. Ajabu ni kwamba mng'oaji huyu hushika shaba kwa naitrojeni, sawasawa na amonia, na vifungo vinabaki vinne vilevile. Hata hivyo kipimo cha uthabiti kinapanda kutoka takribani kumi kwa kipeo cha 13 hadi karibu kumi kwa kipeo cha 20. Kwa hiyo anayetaka kujua changamano lipi litadumu, yaani ayoni ya metali pamoja na ligandi (molekuli au ayoni zinazoishika), asiishie kuuliza ni atomu gani imeishika shaba. Aulize atomu hizo zimeunganishwaje zenyewe kwa zenyewe.

Katika ethilinidiamini naitrojeni mbili zimo katika molekuli moja: moja ikiachia, nyenzake bado imeshika, na ile iliyoachia haiendi mbali. Tena molekuli mbili tu zinatosha kuzifukuza amonia nne, hivyo chembe zilizo huru huongezeka na entropia hupanda. Wako wanaosema entropia ndiyo sababu yote. Kwa shaba sikubaliani nao, maana vipimo vya joto vinaonyesha kwamba kifungo chenyewe pia hutoa nishati zaidi. Na umbo lina neno lake. Refusha mnyororo kwa kaboni moja, pete ambayo ligandi huunda pamoja na shaba iwe ya atomu sita badala ya tano, na uthabiti hupungua takribani mara elfu. Ongeza ethilinidiamini ya tatu, nayo haishiki vizuri hata kidogo, kwa sababu shaba yenye chaji mbili hupenda majirani wanne wa karibu, na wawili wanaobaki huwaweka mbali.

Pingamizi zito dhidi ya kuutegemea uthabiti huu linatoka hospitalini. Mgonjwa wa Wilson, ambaye shaba humjaa kwenye ini na ubongo, hupewa trientini, mnyororo wenye naitrojeni nne unaoikamata shaba ili itoke kwa mkojo. Hapo kipimo cha uthabiti kinaelekeza vyema. Lakini katika picha za uvimbe zinazotumia shaba-64, ambayo ni shaba nururishi, kipimo hicho kinaweza kupotosha. Ligandi ya TETA ina uthabiti mkubwa sana kwenye karatasi, ila katika ini la panya shaba ilihamia kwenye protini za mwili. Ligandi yenye daraja la kaboni, CB-TE2A, ilistahimili asidi kali na yenye moto kwa siku kadhaa, ilhali TETA ilivunjika ndani ya dakika chache. Pingamizi hili haliiangushi hoja, linaipanua. Kipimo cha uthabiti ni cha usawazo: hutuambia shaba ingependa kukaa wapi, hakituambii itachukua muda gani kuondoka, na muda huo unategemea zaidi jinsi ligandi ilivyoifungia ndani. Hata hivyo DOTA, ligandi nyingine ambayo si imara kama CB-TE2A, ndiyo iliyomo katika dawa ya shaba-64 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, kwani nusu-uhai wa shaba hiyo ni saa 12.7 na picha hupigwa kama saa moja tu baada ya sindano.